Bandari ya manukato na hesabu ya mirathi



Tangu turejee kutoka Hong Kong, maswali mawili yametufuata hadi kwenye baraza ya msikiti. La kwanza huulizwa kwa sauti: je, chakula cha halali kinapatikana huko? La pili huulizwa pembeni, baada ya wengine kuvaa viatu: kwa nini familia ya katibu wa msikiti, isiyojulikana kwa mali, itumie akiba yake kwenda kutazama maghorofa ya Wachina badala ya kwenda Umra? Yote mawili ni maswali ya haki. Tutaanza na la pili.

Mama mzaa chema, ambaye watoto wetu humwita Bibi, ana mtoto mmoja wa kiume na mabinti watatu, na mmoja wa mabinti hao ndiye mama wa watoto wetu. Kijana huyo, shemeji yetu, yuko Guangzhou mwaka wa tisa sasa akifanya biashara ya kusafirisha mizigo. Huko ameoa, mke wake ni Mwislamu wa Kichina, na wana mtoto wa miaka minne ambaye Bibi alikuwa hajamwona ila katika simu. Baba yake alipofariki miaka mitatu iliyopita, yeye hakuwahi mazishi. Tangu siku hiyo nyumba ya marehemu iliyopo Ngamiani imekaa bila kugawiwa, kwa sababu kila kikao cha ukoo kilimalizika kwa maneno yale yale: tumsubiri kaka arudi.

Viza ya China bara kwa ajili ya Bibi haikupatikana kwa wakati. Hapo ndipo shemeji alipotoa rai kwamba tukutane Hong Kong, kwani kutoka Guangzhou treni ya mwendo kasi humfikisha huko kwa muda wa saa moja hivi. Bibi ameshahiji, Alhamdulillahi, na goti lake haliwezi tena kungoja. Basi nia ya safari ilikuwa kuunga udugu, na matembezi yakawa ndani yake. Wala hatuoni haya kusema kwamba tulitembea, tukacheka, tukala, tukapanda kila chombo kilichokuwa na tiketi.

Watoto wa Tanga wanaijua bandari. Wameona matishari yakipakia katani na meli mbili tatu zikingoja nje. Lakini bandari ya Victoria ni jambo jingine. Mji una watu wapatao milioni 7.5, na majengo yake yamepangwa ukingoni mwa maji kama vitabu katika rafu iliyojaa. Katikati hupita vivuko, mashua za uvuvi, meli za abiria na matishari ya mizigo, kila kimoja kikikwepa kingine. Jina lenyewe la Hong Kong maana yake ni bandari yenye manukato, na maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba zamani mti wa udi uliota katika vilima vya huko na manukato yake yakasafirishwa kupitia hapo. Bibi aliposikia hivyo alitikisa kichwa kwa kuridhika. Tangu hapo hakuuona mji ule kuwa wa kigeni sana. Mahali panapotoka udi, alisema, watu wake hawawezi kuwa wabaya wote.

Chombo tulichokipenda kuliko vyote ni kivuko cha Star Ferry, kinachounganisha Tsim Sha Tsui upande wa Kowloon na Central upande wa kisiwa. Safari ni ya dakika kumi hivi, nauli yake ni ndogo, na viti vyake vya mbao vina migongo inayogeuzwa, ili abiria aelekee mbele kila mara chombo kinapobadili mwendo. Mwanetu mdogo aliigeuza migongo hiyo hadi baharia mmoja akamtazama. Huduma hii ilianzishwa katika karne ya 19 na Mparsi kutoka India, Dorabjee Naorojee, na jina la Star Ferry likaanza kutumika 1898. Tunalitaja hili kwa sababu katika mji ule kila ukichimbua jambo la zamani unamkuta mtu wa Bahari ya Hindi chini yake. Tulikivuka kivuko hicho mara kumi na moja, na mara tatu kati ya hizo hatukuwa na shughuli yoyote ng'ambo.

Kwenye kisiwa tulipanda tramu za ghorofa mbili, ambazo zimekuwa zikipita barabarani tangu 1904. Mtu hupandia nyuma na hulipa mbele anaposhuka. Zinakwenda polepole, hazina haraka na mtu, na kwa mama mwenye goti bovu na watoto wanaotaka kuona kila kitu hakuna gari bora kuliko hilo. Tulipanda pia treni ya kamba inayokwenda kileleni, iliyofunguliwa 1888, ambayo hulalia mgongo kiasi kwamba majengo ya nje huonekana yameinama. Huko juu upepo wa Desemba ni mkali na Bibi alijifunga kanga mbili juu ya sweta. Mandhari yanastahili sifa zake. Lakini tuliona vema kuwaeleza watoto kwamba kwa sheria ya 1904 Wachina walikatazwa kukaa katika mlima ule, isipokuwa watumishi, na sheria hiyo haikuondoka hadi baada ya Vita Kuu ya Pili. Binti yetu mkubwa akauliza kama ni sawa na Raskazone ya zamani. Tukamwambia hakukosea sana.

Ipo pia gari ya waya iendayo kwenye sanamu kubwa ya Buda katika kisiwa cha Lantau, na wengi hutuuliza kama tulikwenda. Hatukwenda. Muda ulikuwa mfupi na matakwa ya nyoyo yetu yalikuwa kwingine. Hata hivyo, watoto waliona mahekalu mengi njiani, yenye moshi wa ubani na watu wakisujudu, na walifundishwa kupita kwa adabu bila kucheka wala kunyoosha kidole. Sura ya Al-An'am imekataza kuwatukania wengine wanavyoviabudu, na mafundisho hayo mtoto huyaelewa vizuri zaidi akiwa amesimama mbele ya hekalu kuliko akiwa chuoni.

Sasa tuje kwenye swali la chakula. Ni kweli kwamba nguruwe yupo kila mahali, ananing'inizwa madirishani pamoja na bata waliookwa, na mafuta yake huingia hata katika tambi ambazo kwa macho hazina nyama. Anayekwenda asidhani kwamba kusema "bila nyama" kunatosha. Lakini anayejua pa kwenda hashindi na njaa. Katika mtaa wa Wan Chai upo Msikiti wa Ammar, uliofunguliwa 1981 pamoja na kituo cha Kiislamu cha Osman Ramju Sadick, na ghorofa ya tano ina mgahawa wa Waislamu wa Kichina. Hapo familia yetu ilikula dim sum, yaani vifurushi vidogo vya unga vilivyojazwa kamba au kuku na kupikwa kwa mvuke katika vikapu vya mwanzi. Bibi alivitazama kwa muda, akasema ni sambusa zilizoogopa mafuta, kisha akala vikapu vitatu.

Upande wa Kowloon lipo jengo la Chungking Mansions, lililomalizika 1961, lenye ghorofa 17, nyumba za wageni zisizo na idadi na mikahawa ya Wapakistani na Wahindi. Profesa Gordon Mathews wa Chuo Kikuu cha Kichina cha Hong Kong alipopekua daftari za wageni wa humo alikuta mataifa 129. Simu nyingi zilizouzwa Afrika zilipitia katika vibanda vya chini vya jengo hilo, na hapo ndipo tuliposikia Kiswahili kwa mara ya kwanza tangu tuondoke Dar es Salaam: mzee mmoja wa Unguja akibishana bei ya chaja. Alipomwona Bibi aliacha chaja zake mezani, akamwamkia shikamoo kwa mikono miwili. Mzee huyo atarudi katika habari hii.

Chumba chetu kilikuwa mtaa wa jirani, kidogo kiasi kwamba msala ukitandikwa mlango hauwezi kufunguka. Ilibidi tuswali kwa zamu. Siku ya kwanza mwanetu mdogo alielekea kaskazini kwa mazoea, kwa sababu huku kwetu Tanga kibla ni kaskazini. Huko ni magharibi, kikipinda kidogo kuelekea kaskazini. Jambo hilo lilimshangaza kuliko maghorofa yote. Kwa siku mbili alichora duara katika daftari lake, Makka katikati, na watu kila upande. Ama kuhusu kupunguza sala, sisi tunaofuata madhehebu ya Imamu Shafii tunajua kwamba aliyenuia kukaa mahali siku nne kamili, mbali na siku ya kuingia na ya kutoka, hukatikiwa na ruhusa hiyo. Tulinuia siku saba. Kwa hiyo njiani tulipunguza na kuchanganya, na tulipofika tukaswali kamili. Tunaliandika kwa kirefu kwa sababu tumeona mahujaji wa matembezi wakipunguza mwezi mzima.

Msikiti wa Kowloon uko Barabara ya Nathan, pembeni ya bustani kubwa, mweupe, wenye minara minne midogo. Ukiwa katibu wa msikiti huwezi kuingia msikiti wa watu bila kuuliza umejengwaje. Wa mwanzo ulijengwa 1896 kwa ajili ya askari Waislamu kutoka India. Mwishoni mwa miaka ya 1970 uchimbaji wa reli ya chini ya ardhi uliutikisa hadi ukapata ufa, shirika la reli likalipa fidia, waumini wakaongeza michango, na jengo la sasa likafunguliwa 1984. Tuliipenda habari hiyo. Tunawajua watu ambao misikiti yao imepata ufa kwa ujenzi wa jirani na wakanyamaza.

Mlango huo huo ulimwagiwa maji ya rangi ya buluu na gari la polisi tarehe 20 Oktoba 2019, wakati wa ghasia za mji ule. Watu wasio Waislamu walikuja kwa vitambaa na ndoo kusafisha, na siku iliyofuata mkuu wa serikali ya Hong Kong, Carrie Lam, alifika msikitini kuomba radhi.

Siku ya Jumapili ngazi zake zilijaa wanawake wa Kiindonesia. Serikali ya huko huhesabu Waislamu wapatao 300,000, na nusu yao ni Waindonesia, walio wengi wafanyakazi wa majumbani. Wanaishi katika nyumba za waajiri wao, na sheria inawapa siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Siku hiyo huijaza Bustani ya Victoria na misikiti yote, wametandika mikeka na maboksi yaliyokunjuliwa, wakisoma, wakila, wakisukana nywele. Wawili kati yao walimshika Bibi mikono na kumpandisha hadi ukumbi wa wanawake bila kuambiwa. Mama wa watoto alipotoka alikuwa kimya. Baadaye alituuliza ni nyumba ngapi katika mtaa wetu ambazo dada wa kazi anaijua siku yake ya mapumziko kwa jina. Tukahesabu. Hatukumaliza vidole vya mkono mmoja.

Shemeji alifika siku ya tatu pamoja na mkewe na mtoto. Hatutaeleza kilio cha kituoni; kila msomaji ana mama. Mtoto alimtazama Bibi kwa muda, akasema "Nainai," na Bibi akageuka kuuliza ni tusi au ni jina. Alipoambiwa kuwa ndiyo bibi mzaa baba kwa Kichina, alilijibu kila alipoitwa. Hawakuwa na lugha. Bibi alimfundisha kuhesabu moja hadi kumi kwa ngazi za umeme za Central, zile zilizojengwa 1993 kupanda kilima kwa zaidi ya mita 800, ambazo asubuhi hushuka na kuanzia saa 4 hupanda. Mwanzoni Bibi aliapa kwamba hatakanyaga kitu kinachotembea chenyewe. Mtoto akamvuta kidole.

Ngazi hizo hupita kando ya Msikiti wa Jamia, katika mtaa wa Shelley, ambao ni wa zamani kuliko yote Hong Kong. Ulianza katikati ya karne ya 19, na jengo lililopo ni la 1915, lililojengwa na Haji Essack Elias wa Bombay. Una rangi ya kijani hafifu, ua wenye miti, na maghorofa yamewekwa pande zote kama watu wanaochungulia kisima. Ndani ya ua huo hausikii magari. Tulikaa hapo baada ya adhuhuri, na hapo ndipo Bibi alipolianzisha jambo lake.

Hakumlaumu mwanawe. Alisema tu, "Baba, nyumba ya baba yako inanisubirisha kaburi." Shemeji akajibu kwamba anadhani mama hataki igawanywe, ndiyo maana hakuharakisha. Bibi akajibu kwamba asichokitaka ni kuuzwa, na kwamba kugawa na kuuza si neno moja. Kumbe miaka mitatu kila mmoja alikuwa akimstahi mwenzake kwa jambo ambalo mwenzake hakulisema.

Binti yetu, ambaye mwaka huu ameanza faraidhi chuoni, alitoa risiti ya mgahawa na kuandika nyuma yake. Mjane ana thumni kwa kuwa marehemu ana watoto. Kinachobaki hugawanywa mafungu matano, mawili ya mtoto wa kiume na moja kwa kila binti. Katika sehemu 40, Bibi ana 5, kijana 14, na kila binti 7. Mjomba wake aliitazama risiti ile kwa muda mrefu, kisha akauliza kuhusu dada yake wa Muheza. Mama wa watoto akamjibu kwamba dada huyo ana watoto wawili sekondari, ada imemshinda, na sehemu zake 7 zimelala Ngamiani tangu siku ya arobaini ya baba yao.

Tuseme hapa tunalolijua kutokana na kazi ya ofisi ya msikiti. Ndugu wa kiume aliye safarini ndiye kisingizio kikubwa cha mirathi kutogawiwa katika mji wetu, na katika kumngoja huko wanaoumia mara nyingi ni dada zake. Hakuna anayewanyima. Wanaambiwa wasubiri tu, hadi nao wanafariki na mirathi inazaa mirathi nyingine, na anayekuja kwetu na karatasi ni mjukuu asiyejua hata jina la babu. Sheria haikuweka sharti kwamba mrithi awepo mjini. Akiwa mbali huteua wakili wake, na mambo yakaendelea.

Shemeji hakutoa ahadi kubwa. Biashara ya mizigo si ile ya zamani, na alisema hivyo wazi. Alikubali mambo matatu: nyumba ithaminiwe na watu wawili wasio wa ukoo, sehemu zake 14 zibaki ndani ya nyumba bila kudaiwa kodi wala kuuzwa maadamu mama yake yu hai, na sehemu 7 za dada wa Muheza azinunue yeye kwa bei ya uthamini, kwa mafungu mawili, la kwanza kabla ya Ramadhani. Bibi alimsikiliza hadi mwisho, akasema, "Sasa iandike, mwanangu. Mdomo wako naujua tangu mdogo."

Ikaandikwa. Shemeji alitaka sisi ndio tuwe wakili wake, tukakataa, kwa kuwa mume wa mrithi hafai kushika karatasi ya warithi. Akamteua ami yake wa Pangani. Shahidi mmoja alikuwa muumini wa Kipakistani tuliyeswali naye, aliyesomewa maandishi kwa Kiingereza sentensi kwa sentensi. Wa pili ni yule mzee wa Unguja, aliyevuka kwa kivuko kuja kutia sahihi na kukataa nauli. Hati ya uwakala yenye muhuri ilibidi ifuate baadaye, kupitia ofisi za nchi yetu huko China, kwani karatasi ya uani haitoshi mahakamani. Imeshafika.

Usiku ule tulikwenda ukingoni Tsim Sha Tsui kutazama taa ambazo kila siku saa 2 usiku huchezeshwa juu ya majengo ya ng'ambo. Palikuwa na msongamano, na kwa kweli taa hizo zinasifiwa kuliko zinavyostahili. Watoto hawakukubaliana nasi.

Siku ya kuagana tuliwasindikiza hadi kituo cha West Kowloon. Huko ukaguzi wa China bara hufanyika ndani ya kituo chenyewe, na mpaka ni mstari wa rangi sakafuni. Anayeuvuka amekwishaingia China bara ijapokuwa paa ni lile lile. Bibi alibaki nyuma, mtoto akaenda mbele akihesabu kwa sauti. Alifika saba, akasahau nane, mama yake akamchukua.

Kikao cha ukoo kimepangwa Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, nyumbani Ngamiani, baada ya alasiri. Wathamini wawili wamekwishapita. Dada wa Muheza amesema atakuja na wanawe.